Weupe Kando ya Kyungu

Karatasi inapotoka kwenye mashine ya kuchapa huwa na joto. Si joto la moto, ni joto la shuka ambalo mtu ameamka juu yake sasa hivi, nalo lina harufu yake, harufu kavu ya wino na vumbi lililoungua. Mwezi uliopita nilisimama katika kibanda kimoja cha kuchapa mjini Likasi nikisubiri programu ya mazishi ya mama yangu. Kijana aliyekaa mbele ya kompyuta aliponipa karatasi ya kwanza, ile ya majaribio, vidole vyangu vilikumbuka kabla ya kichwa. Alikuwa hajaweka picha. Mahali pake palikuwa na fremu tupu, yenye mistari miwili iliyokatizana kutoka pembe hadi pembe.

"Yaya, picha iko wapi?" akaniuliza, akiniita kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu.

Ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikuitoa mara moja.

Sisi tuliokulia katika kambi za Panda, katika zile nyumba za matofali mekundu ambazo kampuni ya shaba iliwajengea babu zetu, tunajua kwamba jina laweza kuwa nusu ya sentensi. Mimi naitwa Kabange. Kwa mtu wa kwetu, ukilitamka jina hilo, anageuza shingo kumtafuta Kyungu, kwa maana pacha anayetangulia huitwa Kyungu na anayefuata huitwa Kabange, na hakuna Kabange aliyekuja duniani peke yake. "Kyungu iko wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na kila mgeni maishani mwangu.

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Kyungu alikuwa hapa, kushoto kwangu. Alipenda upande huo, sijui kwa nini, na hata kitandani tukigeuzwa alikuwa akinipanda usingizini hadi aufikie tena. Mama aliitwa Mama Mapasa na mtaa mzima, na mama wa mapacha ana sheria zake. Pacha hapewi kitu kimoja. Mama akinunua muwa aliukata katikati huku amefumba jicho moja kama fundi seremala. Mmoja wetu akichapwa, mwingine naye aliguswa fimbo kidogo, asije akaona wivu hata wa kipigo. Mashati mawili ya kitambaa kimoja, ndizi mbili, vikombe viwili vya bati. Mama alipata mazoea ya kuona dunia kwa jozi, na mazoea hayo yakamwingia mikononi.

Kisha msimu mmoja wa mvua Kyungu alishikwa na homa. Alikwenda hospitali akiwa mgongoni mwa mama, na mama akarudi na kitenge kitupu. Nkambo, bibi yetu mzaa baba aliyekuwa akiishi nasi, alimpokea mlangoni, na kabla mama hajafungua kinywa akamziba kwa kiganja. Pacha haliliwi. Ukimlilia aliyekwenda, aliyebaki atasikia anaitwa. Kwa hiyo nyumbani kwetu hapakuwa na matanga wala kilio. Watu walikuja wakapiga ngoma, wakaimba zile nyimbo za mapacha zenye matusi ya kuchekesha, na mimi nikapakwa pemba, udongo mweupe, usoni na mikononi, nikapewa ndizi mbili. Baba alirudi kutoka kwenye mashimo ya Shinkolobwe, akakaa kidogo akiangalia ukuta, akaondoka tena kwenda kutafuta mawe ya madini. Nkambo ndiye aliyenieleza.

"Kyungu amerudi nyuma," alisema. "Alisahau kitu."

"Kitu gani?"

"Yeye njo anajua," akasema, yaani yeye ndiye anayejua.

Nilielewa kama mtoto anavyoelewa. Mtu aliyesahau kitu huenda kukichukua, halafu huja. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisahau viatu kwa jirani kila mara, na kila mara nilirudi. Sikuona sababu ya kuhuzunika. Nilikuwa na kazi ya kumtunzia vyake. Mama aliendelea kunipa viwili viwili. Changu nilikila, cha Kyungu nilikiweka dirishani mpaka jioni, na Nkambo alipokuwa akisema, "Kula, amekuachia," nikakila nacho, bila furaha, kama mtu anayekula akiba ya mwenzake.

Kiangazi kilichofuata, mawe ya baba yalikuwa haba. Mama akaenda kwa Papa Odilon kuomba kazi. Papa Odilon alikuwa na kibanda karibu na soko, chenye mashine ya fotokopi, kompyuta moja yenye mgongo mkubwa, na kibao kilichoandikwa kwa rangi ya bluu kwamba hapa panachapwa kila kitu. Vibanda hivyo kwetu tunaviita sekretariati. Alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi wa shaba, na alikuwa na kawaida ya kuzungumza na karatasi kwanza, na watu baadaye. Msichana wake wa kazi, Solange, alikuwa anakwenda kuolewa Lubumbashi. Kiti chake kilikuwa kinabaki wazi.

"Kupiga herufi, kila muntu anaweza," Papa Odilon alimwambia mama. "Kupanga ukurasa njo kazi. Nitakupatia mazoezi. Ukiyamaliza yote mbele ya Solange kwenda, kile kiti ni chako. Ukishindwa, tutabaki tu barafiki."

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya watu ambao hawakuwepo. Kadi ya kinyozi. Orodha ya vyakula vya baa. Kalenda ya kwaya. Gazeti dogo la shule, lenye safu tatu. Mwaliko wa harusi. La mwisho lilikuwa programu ya mazishi, na alilitaja huku amekwisha geuka kuongea na karatasi nyingine.

Umeme ulikuja na kuondoka upendavyo, na ukiwepo, kompyuta ilikuwa ya wateja. Kwa hiyo mama alijifunzia sakafuni. Papa Odilon alimfundisha njia ya wazee waliomfundisha yeye: unachukua karatasi nyeupe, unakata vipande vya magazeti ya zamani, vile vyenye maandishi madogo, unavipanga mpaka ukurasa usimame, ndipo unakwenda kuurudia kwenye mashine. Gundi yetu ilikuwa bukari, ugali wa kwetu, iliyobaki usiku, tukiilainisha kwa maji. Mimi nilikuwa nikibonyeza kwa kiganja, na nyumba nzima ilinuka unga uliochacha na gazeti.

"Usisome maneno," Papa Odilon alikuwa amemwonya. "Maneno ni ya kujazia tu. Finya macho. Angalia weusi, angalia weupe. Weupe nao ni kitu, mama, usiuonee."

Basi tulifinya macho, mama na mimi, tumechuchumaa barazani juu ya karatasi. Mama Béa, jirani yetu, alipita na ndoo kichwani akasimama.

"Mama Mapasa, moshi imewaingia wote babili?"

"Tunatafuta weupe," mama akajibu.

"Weupe? Mu Panda?" Mama Béa alitazama vumbi jekundu la barabara, akatazama nguo zetu kwenye kamba, nyekundu nazo. "Mukiuona, muniitie."

Mama alicheka. Nalitaja hilo kwa sababu tangu msimu wa mvua nilikuwa sijamsikia akicheka.

Katika kila ukurasa mama aliacha mahali pa picha. Alipima kwa rula, akachora fremu, kisha akapiga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, kama Papa Odilon alivyomwonyesha. Kinyozi alikuwa na fremu. Kwaya ilikuwa na fremu. Hata samaki wa baa alikuwa na ya kwake. Siku moja niliweka kidole pale mistari inapokutana nikauliza, "Hapa nani?"

"Hapa picha ya muntu," mama alisema bila kuinua macho. "Haijafika. Ninamuwekea nafasi."

Hapo nikaelewa kitu kikubwa. Mama alikuwa akifanya kama mimi. Mimi nilimwekea Kyungu ndizi dirishani, yeye alimwekea nafasi katika kurasa. Alikuwa akimwandalia mahali pengi ili, atakaporudi na kile alichosahau, asikose pa kuingilia. Tangu siku hiyo nilibonyeza karatasi zile kwa heshima, na kila fremu niliipuliza vumbi.

Papa Odilon hakuridhika. Tulimpelekea kadi ya kinyozi: mkasi huku, mkasi kule, kitana huku, kitana kule. Tulimpelekea baa: chupa kushoto, chupa kulia, samaki wawili wakitazamana. Aliishika karatasi mbali na uso, akafinya macho, akaanza kuiambia, "Weye, jicho yangu iende wapi?"

"Pande zote ni sawasawa," mama alisema.

"Njo ubaya yake. Kila kitu mbili mbili. Ukurasa unataka mukubwa mumoja, bengine bamufuate."

"Na mwingine akisikia uchungu?"

"Mwingine nani?"

Mama akachukua mkasi wake, akarudi nyumbani, akajaribu tena. Niliona anavyoteseka. Aliweka samaki mmoja mkubwa, akamtazama, na kabla ya jioni mkono wake ulikuwa umekwisha mkatia mwenzake. Ni mwaliko wa harusi peke yake uliopita mara ya kwanza. Papa Odilon aliutazama, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Hapa uko na haki. Hapa bako babili kweli." Mengine aliyapokea kwa kuguna, ukurasa kwa ukurasa, na kila mara alimkumbusha kwamba bado la mwisho.

"Bantu banaoa kwa msimu," alisema, "lakini kufa, banakufa kila siku. Programu ya mazishi njo bukari ya hii nyumba. Ukiniharibia hiyo, hata ukijua zote zingine, siwezi kukupatia kiti."

"Niandike jina ya nani?"

"Ya muntu yeyote. Ni mazoezi."

Lakini kwetu hakuna muntu yeyote. Mama alizunguka mtaa akitafuta jina la kufa kwa mazoezi, na hakuna aliyempa. Mama Béa alikuwa akiosha sombe, majani ya muhogo. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia ndani ya maji.

"Usiniweke minye," alisema. "Bwana yangu usimuweke. Hata mbuzi yangu usimuweke."

"Mbuzi yako haina jina."

"Sasa nimemupatia. Usimuweke."

Mama akabuni jina, la mzee fulani wa mahali fulani. Akakata, akabandika. Msalaba kushoto, msalaba kulia. Mshumaa na mshumaa. Shada na shada. Na katikati, kwa uangalifu uliomtoa jasho, fremu mbili tupu, upana mmoja, kimo kimoja, zimekaa bega kwa bega.

Nilikuwepo alipompa Papa Odilon. Nje mtu alikuwa akijaza upepo tairi la baiskeli. Solange alikuwa akipiga herufi, ombi la mwanamke ambaye mume wake alikuwa amefungwa gereza la Buluo. Papa Odilon aliushika ukurasa mbali na uso, akafinya macho, na safari hii hakuongea na karatasi. Alimtazama mama.

"Mama," alisema taratibu, "mufu ni mumoja."

Herufi za Solange zikasimama. Nadhani mzee hakujua alichosema. Au alikijua, maana Panda si kubwa, na kila mtu alijua kitenge cha mama kilirudi kitupu. Mama aliuchukua ukurasa, akaukunja, akaukunja tena.

"Kesho nitaleta mwingine."

"Solange anaenda siku ya posho," Papa Odilon akasema. Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Ilibaki kesho na siku moja zaidi.

Tulikuwa na picha moja tu. Ilipigwa studio, mbele ya maporomoko ya maji yaliyochorwa ukutani, mashati yetu ya mistari yamepigwa pasi. Kyungu yuko kushoto, mimi kulia, na kwa kuwa niliogopa taa ya mpiga picha, ameshika vidole vyangu. Picha hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya leso, chini ya nguo za Nkambo. Jioni ile mama aliifungua leso hiyo mbele yake.

"Unaipeleka wapi?" Nkambo aliuliza.

"Kwa Papa Odilon. Ninamufanyia Kyungu programu."

"Programu ya nini?"

"Mama, unajua ni ya nini."

Nkambo alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuyachambua, lakini akawa anatupa mazuri na kubakiza mawe. "Unataka kumuita huyu aliyebaki, amufuate?"

"Minye nilizaa babili," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Mumoja nilimuzika, nikaambiwa niimbe. Niliimba. Sijamulilia hata siku moja. Saa hii kila kitu ninakata mbili, mikono inakataa kukata kimoja. Muntu wa kunyolewa, wa kuolewa, wa kufa, wote ninawapanga babili. Nitafanya kazi gani hivi?"

"Kazi iko nyingi."

"Hii njo nimejua."

Nkambo alinitazama mimi. Aliniita, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, kama mtu anayepima kama chungu bado kina moto. Leso aliiacha mikononi mwa mama. Na mimi usingizi haukunijia upesi, si kwa hofu, bali kwa furaha, kwa sababu kati ya maneno yote hayo nilishika moja tu: Kyungu anawekwa kwenye fremu. Nafasi imepata mwenyewe. Alikuwa amefika.

Kesho yake umeme ulirudi mchana. "Kuran imefika," Solange alisema, maana umeme kwetu huitwa kuran, akasimama kumpisha mama kitini. Mama alilaza picha yetu kifudifudi kwenye kioo cha mashine iliyoungwa na kompyuta, akafunika. Mwanga mwembamba wa kijani ulipita chini yake, polepole, na nikafikiri, hapo ndipo anapotokea. Na kweli akatokea. Kwenye skrini tulikuwa wote wawili, wakubwa kuliko katika picha, mistari ya mashati yetu inatetemeka kidogo.

Kisha mama alishika ukingo wa fremu na kuusogeza.

Ulianzia kulia. Ulifunika sikio langu, ukafunika shavu, ukafunika jicho moja na la pili. Nilijiona nikiondoka kama mtu anayefungiwa mlango akiwa ndani. Mama aliusimamisha tu alipofika kwenye bega la Kyungu, na hapo vikabaki vidole vyangu, vimeshikwa mkononi mwake, bila mwenyewe.

"Mama," nilisema, "unanitoa."

Aliacha mashine. Alinivuta mpaka nikasimama kati ya magoti yake, mgongo wangu kwa skrini, na kwa muda alitengeneza kola ya gauni langu ambayo haikuwa na kosa.

"Sikukutoa. Angalia." Akanigeuza, akausogeza ukingo wa fremu kulia, na nikarudi mzima, jicho, shavu, sikio. Akausogeza tena kushoto, nikapotea. "Fremu inaficha tu. Weye uko pale pale."

"Basi nirudishe. Kyungu atakaa peke yake."

"Ndiyo," mama alisema. "Atakaa peke yake. Mwenye kuingia mu hii fremu ni mwenye kufa. Kyungu alikufa, Kabange. Hakusahau kitu. Alikufa mu mikono yangu, mvua ikinyesha, na hatarudi. Weye ubaki inje ya fremu. Unanisikia? Weye ubaki inje."

Ndipo akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama maji yanayopita chini ya mlango, kichwa chake tumboni mwangu, na nikahisi joto la uso wake kupitia gauni. Papa Odilon aligeukia ukuta akaanza kupanga karatasi zilizokwisha pangwa. Solange alishika kalamu ya mezani, akaiweka, akaishika tena.

Mimi nilikuwa nimesimama nimetega masikio. Nkambo alikuwa amesema: ukimlilia aliyekwenda, aliyebaki atasikia anaitwa. Basi nilisikiliza. Nilisikia feni ya kompyuta. Nilisikia wanawake wa sokoni wakitaja bei ya samaki wakavu, lori likibadilisha gia kwenye mlima, mtoto wa mtu akicheka. Nilisikiliza kushoto, upande wake, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu chochote. Hakuna aliyeniita. Na hapo, kwa sababu hakuniita, ndipo nilipojua kwamba kweli hayupo.

Mama alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akarudi kwenye kazi. Hakuweka misalaba miwili. Hakuweka mishumaa. Aliweka picha moja, kubwa, upande wa kushoto, na chini yake akaandika Kyungu, kwa herufi zisizo na mapambo. Upande wa kulia hakuweka kitu. Mkono wake ulikwenda huko mara moja, kwa mazoea, ukasimama, ukarudi.

Karatasi ikatoka. Papa Odilon aliipokea, akaishika mbali na uso, akafinya macho. Tulimsubiri, mama kitini, mimi nimeshika ukingo wa kiti.

"Huku kulia," alisema mwishowe, "weupe ni mwingi."

"Ule weupe uko na mwenyewe," mama alisema.

Mzee aliangalia vidole vilivyobaki mkononi mwa mtoto wa kwenye karatasi. Akaniangalia mimi, akaangalia vidole vyangu kwenye kiti. Akavua miwani yake ya uzi wa shaba, akaifuta kwa shati.

"Bon," alisema. "Uache hivyo." Na baada ya kitambo, akiwa amekwisha mgeukia mteja mlangoni: "Siku ya posho ukuye mapema. Mashine inachelewa kuamka."

Tulimpelekea Nkambo ukurasa ule. Hakujua kusoma. Alipitisha kidole juu ya picha, kisha juu ya ule weupe, akirudi tena na tena, kama mtu anayetafuta mshono kwenye kitambaa.

"Umemulilia?"

"Nimemulilia."

Akanipima paji la uso. Alinipima kesho yake pia, asubuhi na jioni, na siku nyingi zilizofuata, mpaka ikawa salamu yetu. Ukurasa aliufunga ndani ya ile leso, pamoja na picha. Kisha siku moja alirudi sokoni, akaingiza mkono kwenye kikapu, akanipa ndizi. Nilisubiri ya pili. Hakuitoa. Nilibaki nimeishika ile moja, nashangaa jinsi mkono wa kushoto ulivyo mwepesi ukiwa hauna kitu, na Nkambo akageuza uso wake dirishani na hakusema, "Kula, amekuachia." Nilikula. Ilikuwa ndizi yangu.

Mama alikaa kwenye kiti kile mpaka nywele zake zikawa za mvi. Alitengeneza kadi, kalenda na harusi, lakini watu walimjia hasa kwa ajili ya wafu wao. Kurasa zake zilijulikana mjini kote: mtu mmoja upande mmoja, na upande mwingine mahali ambapo hakuandika kitu. Wenye mali walilalamika wakati mwingine, wakitaka maua yajazwe. Alikuwa akiwauliza, "Na shiye tuliobaki, tutakaa wapi?" Wakaacha. Nusu ya Panda imezikwa na weupe wa mama yangu.

Yote hayo yalipita kichwani nikiwa nimesimama na karatasi ya majaribio inayopoa mkononi. Kijana alikuwa mpole, alisubiri. Nikafungua mkoba. Katika picha niliyokuwa nayo mama amekaa, nami nimesimama kando yake, mkono wangu uko begani mwake. Aliilaza kwenye kioo, mwanga ukapita, tukatokea wawili kwenye skrini. Kisha akashika ukingo wa fremu na kuusogeza, kutoka kulia, na nikajitazama nikiondoka: sikio, shavu, jicho moja, jicho la pili. Safari hii sikusema kitu.

Aliusimamisha kwenye bega la mama. Vidole vyangu vilikuwa bado pale.

"Hii mukono, Yaya, niitoe?"

"Iache."

Akaitazama skrini kwa upande, akafinya macho. Sijui nani alimfundisha, lakini aliyafinya vizuri. "Na huku kulia? Kutabaki kweupe."

"Kuache," nilisema. "Kuko na mwenyewe."